Ada ya Kukomboa Tulwet

Alhamisi, saa nane mchana

Kipruto alifunga mlango kwa komeo, akapindua kreti la soda, akalikalia. Chumba kilikuwa nyuma ya bucha moja mjini Kericho, na kilinuka mafuta ya figo. Mvua ilitwanga mabati. Afadhali. Aliye nje hangesikia neno.

Walikuwa watatu. Kipruto mwenyewe, mkubwa wao, shingo nene, sauti ya chini ya mtu asiyezoea kurudia neno. Jackton, dereva, mwembamba kama ufito, mwenye mazoea ya kutafuna kijiti. Na Chepkurui, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye saiba ndogo karibu na soko, mahali watu walipokwenda kuchapisha barua na kujaza kodi.

"Eleza tena," Kipruto akasema. "Pole pole. Huyu Jackton anajua gia tu."

Chepkurui akaweka kikombe chini.

"Kuna kiwanda kidogo cha wakulima huko Sotik. Chai Tulwet. Wanauzia wazungu chai ya zambarau wenyewe, bila mnada. Wanunuzi wanawaandikia kwa barua pepe, na barua pepe inasimama juu ya jina la tovuti yao. Sasa, jina la tovuti hulinunui likawa lako milele. Unalikodi kwa mwaka, kama shamba. Kijana aliyewasajilia alienda Qatar. Ilani zote zikawa zinamfuata huko. Jina likaisha muda, hakuna aliyejua."

"Basi tulichukue," Jackton akasema.

"Halichukuliki hivyo. Likiisha muda, kwanza mwenyewe anapewa siku za neema. Kama mwezi. Analipa bei ya kawaida, anarudishiwa, hakuna maneno. Tulwet walilala, zikapita. Sasa wako kwenye siku za ukombozi. Bado wanaweza kulirudisha, lakini kwa ada kali, mara kumi ya ile ya kwanza. Hizo zinaisha kesho saa sita mchana. Zikiisha, jina linafungiwa siku tano. Hata mwenyewe haligusi. Halafu linatupwa sokoni, na wa kulidaka kwanza ndiye baba yake."

"Ni sisi," Kipruto akasema.

"Ni sisi. Na kuna kontena lao liko Mombasa. Mnunuzi wao, Mjerumani, atauliza alipe akaunti gani. Barua yake itatufikia sisi."

"Itamfikia Ogoti," Kipruto akamsahihisha. "Sisi tunamuuzia Ogoti jina. Yeye atamjibu Mjerumani alipe akaunti yake. Na mimi nimemwapia Ogoti kwa kichwa changu kwamba Jumatano analo mkononi."

Jackton akaacha kutafuna. Jina la Ogoti lilijulikana kuanzia Kisii mpaka Kericho. Hakupiga kelele, hakubeba silaha, na hakuwahi kumshtaki mtu polisi. Waliomkosea walikuwa wanakosekana tu.

"Shida iko wapi?" Jackton akauliza.

"Wameamka," Chepkurui akasema. "Karani wao, Mwihaki, aliniletea kompyuta nimsaidie. Ndiyo nikajua. Kamati imebishana kuhusu ile ada wiki mbili, wazee wanasema ni wizi. Jana wakakubali. Mwihaki atalipa kesho asubuhi akiwa ofisini. Lakini kampuni ya Nairobi inayosajili majina haimruhusu mpaka aingize msimbo wa tarakimu unaotumwa kwa simu ya mweka hazina. Mzee Johana. Anaishi Ndanai, na hiyo simu hamwachii mtu, hata mkewe."

"Kwa hivyo simu ndiyo mlango," Kipruto akasema.

"Simu ndiyo mlango. Ataondoka kwake na boda asubuhi. Isifike Sotik kabla ya saa sita."

Kipruto akacheka, akampiga begani. "Huyu ni dada yangu," akamwambia Jackton. "Damu ya Kosgei. Kichwa moto." Akatoa bahasha ndani ya koti. "Hii ni ya Ogoti. Ulisema tunanunua foleni ya kulidaka jina likianguka. Nunua ya mbele kabisa."

Chepkurui akaichukua bahasha, akaitia ndani ya blauzi. Alitabasamu. Alikuwa amejifunza kutabasamu mbele ya mtu huyu kama vile mtu anavyojifunza kumeza kwinini.

Kosgei alikuwa kaka yake. Kipkosgei, mtoto wa pili wa mama yao, mwoga wa mbwa, mpenda kuimba. Miaka miwili iliyopita Kipruto alimwingiza katika kazi ya kuiba lori la majani chai barabara ya Londiani. Kijiji kikapiga yowe. Gari la Kipruto lilitoroka, Kosgei akaachwa, na wananchi wakamaliza kazi kwa mawe na marungu. Kipruto alikuja matangani na gunia la mahindi. Alilia kuliko ndugu. Alibeba jeneza, akamshika mama mkono, akaanza kumwita Chepkurui dada.

Mwaka mzima Chepkurui alimwamini. Kisha Jackton, ambaye ndiye aliyeendesha gari siku ile, akaja kwenye saiba amelewa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema yote. Kosgei hakuachwa. Alilifikia gari. Alidaka ubao wa nyuma kwa mikono yote miwili, anaita. Kipruto akamkanyaga vidole, kimoja kimoja, kwa sababu uzito ulikuwa mwingi na mlima ulikuwa mbele. Jackton aliona kwenye kioo, akakanyaga mafuta.

Tangu siku hiyo Chepkurui hakutaka polisi wala kesi. Alitaka Kipruto afike mahali ambapo hakuna wa kumvuta. Ndipo Mwihaki akaingia dukani na kompyuta yake.

Chepkurui mwenyewe ndiye aliyempelekea Kipruto mpango. Yeye ndiye aliyemwambia, jioni moja, kwamba kitu kama hicho ni mtu kama Ogoti tu angekinunua.

Ijumaa, saa tatu asubuhi

Probox ilisimama kwenye kona ya barabara ya vumbi kati ya Ndanai na Sotik, boneti juu, kama gari lililokufa. Upande mmoja mahindi, upande mwingine ng'ombe wa mtu. Jackton aliinama kwenye injini. Chepkurui alikaa nyuma, kofia ya jaketi imefunika uso, laptopu magotini.

Boda ikatokea. Kijana wa pikipiki mbele, mzee nyuma, koti jeusi la kanisani, kofia ya pama. Kipruto akaingia barabarani, mkono juu, anaomba msaada. Boda ikapunguza mwendo.

Kipruto akatoa bastola.

"Zima. Shuka. Wewe wa piki, kimbia. Ukigeuka nakupasua."

Kijana akaitupa pikipiki, akapotelea kwenye mahindi. Mzee Johana akabaki amesimama, mikono imeshika koti kifuani.

"Simu."

"Kijana," mzee akasema, "mimi ni wa rika la baba yako. Hii si simu yangu. Ni ya watu."

"Lete hiyo ya watu."

"Chukua hii ya kwangu. Chukua saa. Hiyo siwezi."

Chepkurui aliona mkono wa Kipruto ukipanda. Hakuwa amemwambia apige. Alikuwa amemwambia mara tatu: mzee asiguswe, ni simu tu, ni dakika moja. Kitako cha bastola kikashuka kwenye mkono wa mzee, na mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Mwache!" akapiga kelele.

Kipruto akapiga tena. Mzee akaanguka juu ya bega lake, kofia ikabingirika mtaroni. Kipruto akampekua, akatoa simu ndogo ya tochi, ile ya mulika mwizi, imefungwa kwa raba. Akarudi garini anapumua kama aliyepanda mlima.

"Twende."

Jackton akaangusha boneti. Kwenye kioo cha nyuma Chepkurui alimwona mzee amekaa vumbini, anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akajilazimisha kutazama mbele, kwenye shingo nene ya Kipruto.

Saa tano kasorobo

Walikuwa wamepita Kaplong, wanapanda kuelekea Litein. Mashamba ya chai yalianza, kijani tupu pande zote, wachumaji wakiwa na mapakacha migongoni. Kipruto akanyoosha mkono nyuma.

"Hiyo simu. Niivunje."

"Ngoja," Chepkurui akasema. "Ukiizima sasa, Mwihaki ataona haipatikani, atakimbilia kampuni ya simu wamfanyie laini mpya. Iache iite. Afikiri mzee yuko njiani."

Kipruto akafikiri. "Sawa. Lakini usipokee."

"Nipokee niseme nini?"

Simu ikaita. Mwihaki. Ikaita, ikanyamaza. Ikaita tena.

Chepkurui akafungua laptopu. Nywila ya akaunti ya Tulwet alikuwa nayo tangu siku ile alipomsaidia Mwihaki kuingia. Ukurasa ukafunguka, pole pole, mtandao ukisuasua kwenye mabonde. Jina la kiwanda lilikuwa kwa rangi nyekundu. *Muda umeisha. Linaweza kukombolewa.* Chini yake, ada.

Pesa ya Ogoti alikuwa ameiweka kwenye simu yake jana jioni. Ilitosha ada hiyo, na ikabaki kidogo.

"Unafanya nini huko nyuma?" Kipruto akauliza bila kugeuka.

"Naangalia foleni. Tuko mbele."

"Msichana mzuri."

Akabonyeza *Komboa*. Ukurasa ukazunguka. Ukazunguka. Kisha ukaandika: msimbo umetumwa kwa namba ya mweka hazina.

Simu ya mulika mwizi ikapiga mlio. Si wa kuita. Ni ule mfupi, mkali, wa ujumbe, ting, na ndani ya Probox ulisikika kama kengele ya shule.

Kipruto akageuka. "Hiyo ni nini?"

Kwenye kioo, macho ya Jackton yakakutana na yake. Alijua. Hakuwa ameambiwa lolote, lakini alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyempa sababu.

"Ni tangazo la bahati nasibu," Jackton akasema. "Hao hawamwachi mtu. Mimi wameniandikia mara tatu leo." Papo hapo akakanyaga breki, gari likayumba. "Mkubwa, karao mbele. Ficha chuma."

Kipruto akainama, akausukuma mkono wake chini ya kiti. Barabarani hakukuwa na polisi. Kulikuwa na trekta la majani chai na mwanamke anayeuza parachichi. Katika sekunde hizo Chepkurui akasoma tarakimu sita, akaziandika, akabonyeza. Simu yake ikauliza namba ya siri. Akaiweka. Pesa ikaenda.

"Wapi karao?" Kipruto akafoka.

"Nilidhani ni wao. Ni wale wa trekta, jaketi za kijani."

"Macho yako yameoza."

"Pole, mkubwa."

Kwenye laptopu maandishi mekundu yalikuwa yamegeuka kuwa ya kijani. Jina limerudishwa kwa mwenyewe. Mwaka mmoja mzima. Chepkurui akafunga kifuniko polepole, akaegemea kiti, akafumba macho. Hakuhisi furaha. Alihisi kama mtu aliyeachilia jiwe juu ya kilima na sasa anasubiri tu kusikia limetua wapi.

Saa sita mchana

Walisimama kwenye hoteli moja ya barabarani. Kipruto aliitazama saa ya ukutani mpaka mishale ikalaliana, kisha akaiweka simu ya mzee chini ya kisigino, akaiponda.

"Kwisha," akasema. Akaagiza nyama na ugali. Akampigia Ogoti mbele yao. "Mzee wangu, mlango umefungwa. Siku tano tu. Kichwa changu kiko hapo."

Akala vizuri. Alizungumzia gari alilokwisha kulipia amana kwa pesa ya Ogoti, na nyumba aliyotaka kupanga Nakuru. Jackton hakugusa chakula. Kipruto alipoenda kunawa, Jackton akasema bila kuinua kichwa:

"Jumatano nisiwe hapa."

"Usiwe," Chepkurui akasema. "Uza gari. Nenda mbali."

"Na wewe?"

"Mimi nataka kusikia."

"Chepkurui. Nilikanyaga mafuta siku ile. Mimi pia."

Akamtazama. Kwa muda mrefu alikuwa amewapimia wote wawili kisasi kimoja.

"Ndiyo maana nakwambia uende leo," akasema. "Kesho naweza kubadilisha roho."

Jumatano, saa tisa alasiri

Alikuwa Londiani, nyumbani kwa mama, amesimama kwenye shamba la viazi ambako mtandao ulishika. Mama alikuwa ndani, anapika. Jackton alikuwa amepotea tangu Jumamosi.

Simu ikaita. Kipruto.

"Niko na Mzee Ogoti ndani ya gari lake. Umewekwa kwa spika. Mwambie tumelidaka."

Sauti ilikuwa ya uchangamfu, ile ya mtu anayesimama mbele ya baba mkwe.

"Halijaanguka," Chepkurui akasema.

"Linaanguka saa ngapi?"

"Halianguki. Lilikombolewa Ijumaa, kabla ya saa sita. Ada ililipwa, msimbo ukaingizwa. Tulwet wana jina lao mpaka mwakani."

Akasikia kiyoyozi cha gari kikivuma.

"Nani alilipa?" Kipruto akauliza. Sauti ilikuwa imepungua. "Simu tulikuwa nayo sisi. Nani..."

Chepkurui alisikia wazo likimwingia, kama vile unavyosikia mtu akikanyaga ngazi isiyokuwepo gizani.

"Mimi," akasema. "Nililipa nikiwa kiti cha nyuma, wewe ukiwa mbele. Nililipa kwa ile bahasha. Sasa nisikilize, Kipruto. Kosgei alilifikia gari. Alilishika. Alikuita kwa jina. Ulimkanyaga vidole, halafu ukaja kwetu ukambeba kwenye jeneza."

"Uongo! Nani amekuambia? Jackton? Mzee, huyu mwanamke ni mwendawazimu, mzee, nipe siku mbili, nipe..."

"Nyamaza kidogo," sauti nyingine ikasema. Ya upole. Ya mtu mzima. "Madam, mimi ni Ogoti. Unasema ulilipa ada kwa pesa yangu?"

"Kwa pesa uliyompa yeye. Yeye ndiye aliyekuapia. Mimi sikuapa."

"Ni kweli. Wewe hukuapa. Na hiyo ya ndugu yako, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Pole sana kwa msiba."

Kipruto alikuwa anaongea, haraka, Kiswahili kikichanganyika na Kikipsigis, anamwita Mungu, anamwita mama yake. Kisha mlango wa gari ukafunguka, ukafungwa, na simu ikakatwa.

Chepkurui akabaki amesimama kati ya matuta. Aliyangoja machozi, au kicheko. Mama akamwita ale. Akaenda, akala viazi na mboga, na mama akamuuliza mbona leo anakula kama mtu aliyetoka safari.

Jumamosi, saa nne asubuhi

Wachumaji wa chai walimkuta Kipruto kwenye mtaro kati ya mashamba, uso chini. Chepkurui alisikia redioni. Akapanda gari mpaka Kericho, akaenda mochari ya hospitali, akasema yeye ni dada yake. Si ndivyo marehemu alivyomwita miaka miwili?

Mhudumu akafunua shuka. Chepkurui alikuwa na maneno aliyoyatunza kwa ajili ya siku hiyo. Aliyafanyia mazoezi akipika, akifua, akichapishia watu barua. Aliutazama ule uso wa kijivu, uliovimba upande mmoja, na akayasema yote, kwa Kikipsigis, kwa sauti ya kawaida, mpaka la mwisho. Mhudumu alidhani anasali, akavua kofia.

Akatoka. Njia ya kutokea ilipita wodi ya wanaume, na dirishani akamwona Mwihaki amekaa kando ya kitanda, kikombe cha uji mkononi. Kabla hajageuka, Mwihaki akamwona.

"Chepkurui! Ingia, ingia. Umesikia maajabu? Mtu alilipa ile ada! Ijumaa hiyo hiyo, mzee akiwa amelala barabarani. Mjerumani ameandika, barua inafika. Kamati inasema ni malaika."

Mzee Johana alilala kwenye mto, mkono umefungwa plasta mpaka begani. Alikuwa amepungua, mashavu yameingia ndani.

"Huyu ndiye yule wa kompyuta?" akauliza. "Karibu, mama. Kaa."

"Mkono unaendeleaje, mzee?"

"Daktari anasema hautanyooka vizuri. Lakini wa kulia upo." Akaunyoosha huo wa kulia mezani, akachukua ndizi kwenye kifurushi alicholetewa, akampa. "Kula. Umetoka mbali."

Chepkurui aliipokea ndizi, na vidole vikakataa kuishika. Ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akaiweka kitandani, akaaga vibaya, akatoka karibu mbio.

Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Simu ikaita. Namba hakuijua, lakini sauti aliijua kabla ya salamu kwisha.

"Madam. Habari ya asubuhi. Ile hesabu nyingine imefungwa, umeona. Sasa nimefikiri. Mtu anayeweza kufanya ulivyofanya, ndani ya gari, mwenye bunduki akiwa mbele, huyo mimi namhitaji. Kuna kiwanda kingine Bomet, jina lao limebakiza siku chache za neema, na wao pia hawajui. Usinijibu sasa. Nitapiga baada ya dakika tano. Kwenu Londiani nimeshapaona, ni pazuri. Msalimie mama."

Akakata.

Chepkurui alisimama kando ya barabara. Kushoto kulikuwa na stendi, na magari ya kwenda Nakuru yalikuwa yanaita abiria. Angeweza kupanda. Angebadilisha laini, angehama, na mama angebaki na viazi vyake na mgeni mpole mlangoni. Au angejibu ndiyo, na mahali fulani Bomet mzee mwingine angevaa koti la kanisani.

Akavuka barabara kwenda kulia, akapanda ngazi za kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa anakunywa chai.

"Nikusaidie nini, mama?"

Simu ikaanza kuita mkononi mwake. Akaiweka juu ya kaunta, kioo kikitazama juu, akaisukuma mbele ya kikombe.

"Huyu anaitwa Ogoti," akasema. "Mpokee, mumsikilize. Akimaliza, niandikeni mimi maelezo. Mzee Johana wa Ndanai alipovunjwa mkono, nilikuwa ndani ya gari."